Maalim Mjaka na Mkaguzi Aliyetengenezwa

Hapo zamani, masultani walipokuwa na farasi wanono na walimu wembamba, palikuwa na chuo cha kufundishia walimu, na mkuu wake akiitwa Maalim Mjaka, mtu asiye na mbele wala nyuma ila ulimi. Paa la chuo lilivuja, viti vilikuwa na miguu mitatu, na wanafunzi wakila mara moja kwa siku, Mungu akipenda.

Basi ikawa Sultani Badi akampeleka mkaguzi wake, Bwana Shekue, mtu wa kitambi na kalamu. Alipoketi, kiti kikambwaga. Alipoinuka, mvua ikamlowesha. Alipotega sikio asikilize somo, akasikia matumbo tu yakinguruma. Akarudi kwa Sultani amefura kama andazi.

Maalim akaitwa barazani.

"Ewe Mjaka, umeniaibisha! Niletee mpango wa marekebisho. Shekue akirudi masika, asione kiti kibovu, asisikie tumbo likinguruma, wala asidondokewe na tone la mvua."

"Nimesikia, bwana wangu. Na hazina yako itato—"

"Hazina yangu usiitaje! Mpango wataka akili, hautaki fedha. Ukishindwa, chuo nakifanya banda la farasi."

"Farasi hawatakubali, bwana. Wao wamezoea paa lisilovuja."

Mkewe, Bi Mwaka, alipopata habari akashika kiuno. "Watoto wa watu wameacha majembe kwao waje kusoma. Utafanyaje, baba?"

"Nitafanya vile vile nilivyoagizwa."

"Hilo ndilo ninaloliogopa."

Maalim akaandika mpango, akaupeleka. Sultani akaupiga muhuri bila kuusoma, maana wakubwa hupenda kuletewa mpango. Kuusoma ni kazi ya punda.

Masika yakaingia, na Sultani akafuatana na Shekue ajionee mwenyewe. Mlangoni Maalim akampokea mkaguzi kwa heshima zote, akamfunga kitambaa machoni, akamziba masikio kwa pamba, akamketisha mkekani na kumshikia mwavuli. Mvua ikateremka ndani kama nje, Sultani akalowa mpaka kilemba.

"Mjaka! Wazimu gani huu?"

"Mpango, bwana wangu, wenye muhuri wako. Muulize mwenyewe." Akamchomoa Shekue pamba ya sikio moja.

"Shekue, waona kiti kibovu?" akauliza Sultani.

"Sioni kitu, bwana."

"Ulisikia tumbo?"

"Hata wewe nilikuwa sikusikii."

"Umelowa?"

"Mkavu kama dagaa."

Maalim akainama. "Kitambaa ni cha mke wangu, pamba ya mto wangu, mwavuli wa kuazima kwa shemeji. Hazina haikuguswa. Kutengeneza chuo ni ghali, bwana, ndiyo nikamtengeneza mkaguzi."

"Nipe mwavuli huo!"

"Katika mpango ni wa mkaguzi peke yake."

Sultani, kwa hasira, akajitupa kwenye kiti. Kiti nacho hakijui sultani: kikambwaga dimbwini, miguu juu. Hata matumbo yakanyamaza. Kisha Sultani akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakachanganyika na mvua.

"Ling'oeni paa la banda la farasi wangu mliezeke hapa," akasema. "Wanafunzi wapewe nafaka za farasi, na maseremala wa jumba langu waje leo."

"Na farasi je, bwana?" akauliza Shekue, kitambaa kingali machoni.

"Waandikie mpango."