Doa Jeupe Kwenye Picha ya Kifua

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja aliyepika chai ya ushirika wa wanawake kanisani miaka tisa bila kukosa. Alijua nani ana kisukari, nani hapatani na tangawizi.

Siku moja alipitia ushirikani akitoka hospitali, alikokwenda kwa maumivu ya ubavu, akiwa na picha ya kifua ndani ya bahasha ya kaki. Mwenyekiti wao akaichomoa bila hata kuomba, akaiinua dirishani, akakaza macho. Jamani, tangu lini dirisha likasomea udaktari?

"Mama, hili doa jeupe ni la nini?"

"Ni chokaa. Niliugua kifua kikuu nikiwa msichana, nikameza dawa zote, nikapona. Daktari anasema mwili umelizungushia chokaa lile donda la zamani. Na makohozi wamepima, ni safi."

"Ee, hayo maneno ya hospitali," mwenyekiti akasema, akakohoa, akajifuta kwa leso. "Wewe pumzika kwanza. Hapa kuna watoto."

Wiki iliyofuata mama akakuta birika liko mikononi mwa mwingine. Kikombe chake kimewekwa peke yake, kimepakwa rangi nyekundu ya kucha pale pa kushikia. Hakuna aliyemtazama usoni. Alirudi nyumbani akilia njia nzima, na mimi nikikumbuka hilo nachemka!

Mwezi haukuisha, wahudumu wa afya wakaja kupima ushirika mzima. Mama yule, safi. Mwenye kifua kikuu kibichi, cha kuambukiza, alikuwa nani? Mwenyekiti. Miezi mitatu anakohoa, anasema ni vumbi.

Kuugua si dhambi, nisikieni vizuri. Dhambi ni kile kikombe.

Mgonjwa alipolazwa, wa kwanza kufika alikuwa mpika chai, amebeba chupa ya chai na vikombe viwili. Vyote havina alama.

Na sisi je? Mtu ameacha pombe miaka saba, bado tunamwita mlevi. Binti ametubu, bado tunanong'ona juu yake. Mungu ameshaponya, sisi tumeng'ang'ania kovu tukiliita ugonjwa! Wewe unayesoma kifua cha mwenzako dirishani, chako umekipima lini?

Kikombe chenye rangi nyekundu kipo, ndugu zangu. Kiko jikoni kwetu, hapa hapa nyuma ya ukuta huu. Tukitoka, nani anakwenda kukisugua?