Muhuri Kwenye Kadi za Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, enzi zile wanyama walipokuwa na maofisi na maaskari kama sisi, ukame uliikamata nchi yao. Mito ilikauka kau! Ikabaki chemchemi moja tu, nayo Mfalme Simba akaiwekea sheria: "Atakunywa yule tu ambaye jina lake limo katika daftari langu."

Aliyeandikwa alipewa kitambulisho: kipande cha gome kilichopakwa udongo mwekundu, na juu yake alama ya wayo wa Mfalme.

Bi Pimbi, mama wa watoto wanne huko majabalini, alikwenda ofisini siku tisa mfululizo. Karani alikuwa Kiboko.

"Kanyaga hapa," Kiboko alisema, akimwonyesha sinia la udongo.

Bi Pimbi akakanyaga. Akaruka juu yake, ti! ti! ti! Udongo haukubonyea hata kidogo.

"Huna alama. Bila alama siandiki. Njoo kesho."

"Bwana Karani, hata kesho nitakuwa Pimbi huyu huyu!"

"Basi njoo keshokutwa."

Nyumbani, kitinda mimba wake Siwatu alikuwa akilia bila machozi, ulimi umekauka. Roho ilimuuma Bi Pimbi, kisha hasira zikampanda.

"Wanataka kadi? Kadi watazipata!"

Akabandua magome, akayapaka udongo mwekundu, akachora wayo wa Simba kwa asali iliyochanganywa na masizi. Akawagawia na jirani zake, panya na kindi, maana nao walikuwa wakifa kiu.

Nyati, askari wa chemchemi, aliangalia wekundu tu. "Pita! Pita! Haya, na wewe pita!" Wakanywa siku tatu.

Siku ya nne nzi wakazivamia kadi, vuuu! Nyati akashangaa, akailamba kadi ya Bi Pimbi.

"Lo! Tangu lini wayo wa Mfalme ukawa mtamu?"

Bi Pimbi akakamatwa, akatupwa mbele ya Simba, puu! Alimwaza Siwatu tu.

"Umeghushi kitambulisho changu!" Simba akanguruma.

"Nimekosa, Mtukufu. Lakini kadi zimezagaa. Ukinila mimi, utajuaje nani anazo?"

Simba akajikuna shingo. "Nifanyeje?"

"Amuru kila mwenye kadi isiyo yako aipeleke kwa Karani. Aandikwe jina, makazi na watoto wake. Kisha kadi igongwe muhuri: SI YA SERIKALI. Nani atadanganyika tena?"

"Na nyayo zao?" Kiboko akauliza. "Hawa hawaachi alama."

"Kadi za bandia zinataka nyayo za nini?" Simba akamkemea. "Waandike upesi, kabla hawajazificha!"

Kesho yake foleni ilifika mpaka kichakani. Kiboko aliandika huku jasho likimtiririka. Paf! Paf! Paf! Hadi jua linazama, daftari limejaa panya na kindi.

Asubuhi Bi Pimbi akafika chemchemini na wanawe wanne.

"Rudi!" Nyati akafoka. "Kadi yako imegongwa SI YA SERIKALI!"

"Kweli kabisa, Afande. Si ya Serikali, wala sisemi ni yake. Lakini sheria inataka kadi, au inataka jina katika daftari la Mfalme?"

Nyati akafikiri sana. "Jina."

"Na sisi jana tuliandikwa katika daftari la nani?"

Kiboko akaitwa. Akalifungua daftari, akalifunga, akalifungua tena. "Pimbi," akasoma kwa sauti ndogo. "Majabalini. Watoto wanne."

Wakampelekea Simba. Mfalme akaisoma sheria yake mara mbili, masharubu yakimcheza, mwisho akaangua kicheko.

"Nilitaka kuzuia kadi, kumbe nimeiandikisha nchi nzima! Haya, wanywe."

Nyati akasogea pembeni. Siwatu akatumbukiza mdomo majini, gu-gu-gu! Akapaliwa, akacheka, akarudi tena. Mama yake alisimama ukingoni akimtazama, akasahau kwamba na yeye ana kiu.

Mimi nimefika mwisho, nanyi shikeni hili: anayekuandika ili akuzuie, amekwisha kukiri kwamba upo.