Mkono Usiotiwa Hina

Wamesimulia waliotutangulia, na Allah ndiye ajuaye zaidi, kwamba palikuwa na mji ukiitwa Darimaa, uliotawaliwa na Amir Ghailani pamoja na watu saba wa shura. Ilikuwa ada yao kwamba vita havitangazwi mpaka kila mmoja wa wale saba achovye mkono wa kulia katika bakuli la hina na kusema: "Nimeridhika kuwa jambo hili ni kweli, na damu yake iko mkononi mwangu." Atakayekataa hupewa Ijumaa tatu za kufikiri. Zikipita, huvuliwa ujumbe na kuwekwa mwingine.

Ikatokea kwamba maji ya kisima cha mpakani yaliharibika, wakafa watu watatu na mifugo mingi. Mudrik, mjumbe wa shura aliyekabidhiwa ulinzi wa kisima hicho, akasema aliona nyayo za watu wa Bonde la Nuaimu, na kwamba bila shaka wao ndio waliotia sumu. Mji ukachemka. Wajumbe sita wakachovya mikono, Mudrik akiwa wa kwanza. Wa saba alikuwa Shuraihi bin Auni, Mola amrehemu, mzee mshona matandiko ya ngamia.

Akasema, "Ewe Amir, nyayo nimesikia. Aliyemwona mtu akitia sumu sijamsikia. Siwezi kuapa."

Amir akakasirika. "Wenzako sita wameapa!"

"Nao watajibu kwa mikono yao, bwana wangu. Mimi nitaulizwa huu wangu."

Tangu siku hiyo watu waliacha kununua matandiko yake. Alipopita, vijana walimwita, "Bibi harusi! Hata hina unaiogopa, upanga je?" Mkewe, Bi Rabab, alirudi sokoni siku moja na kapu tupu. "Mume wangu," akasema, "leo wameniuliza kama nikupikie uji wa mzazi."

Shuraihi akacheka, kisha machozi yakamtoka. "Ningekuwa na hakika, Rabab, ningeuchovya mpaka kwenye kiwiko."

"Basi subiri," akamwambia. "Kapu tupu halijamuua mtu bado."

Ikaja Ijumaa ya tatu. Shuraihi alikwenda kutawadha kwenye birika la msikiti, akamkuta Mudrik anasugua kiganja kwa mchanga mpaka ngozi imechubuka.

"Ndugu yangu, unajiumiza. Hina haitoki hivyo."

"Kila nikitawadha nauona mkono huu," akasema Mudrik. "Mara tano kwa siku, Shuraihi! Na wewe mbona hujanisema hata neno moja, nami ndiye niliyekuponza?"

"Nitakusemaje? Siku ile nilinyoosha mkono mara mbili nikaurudisha. Nilitamani mno kufanana nanyi. Wallahi, si ushujaa. Nilimwogopa Mola kidogo tu zaidi ya nilivyowaogopa ninyi."

Mudrik akainama, akalia kama mfiwa.

Baada ya sala Amir akaagiza bakuli liletwe. "Haya, Mzee Shuraihi. Leo ndiyo mwisho."

Kabla mzee hajajibu, Mudrik akasimama, akainua mkono wake mwekundu watu wote wauone. "Hakuna sumu," akasema. "Nilikiacha kisima wazi siku tatu kwa uvivu wangu. Fisi akatumbukia, akaozea humo. Nilimtoa kwa siri nikamfukia, na watu walikuwa wamekwisha kunywa. Nikaona haya kusema. Zile nyayo ni za wapita njia."

Walikuwapo waliotaka auawe hapo hapo. Shuraihi akasimama mbele yake, akasema, "Ametuzuia kuua watu wasio na kosa. Asikilizwe na wafiwa, si na sisi." Wafiwa wakakaa siku kadhaa na uchungu wao, kisha wakamsamehe kwa ajili ya Allah. Hina iliyobaki ikamwagwa mchangani.

Ama Amir, hakumshukuru Shuraihi. Aliona haya, na mwenye haya huona taabu kushukuru. Mzee akarudi kwenye sindano yake. Na inasemwa kwamba Mudrik hakuuficha mkono wake katika kanzu mpaka hina ilipofifia yenyewe. Mteja wa kwanza kurudi dukani kwa Shuraihi alikuwa yeye. Alinunua tandiko, na ngamia hakuwa naye.

Ndugu zangu, nami nikiri. Niliwahi kuinua mkono katika kikao ili mwenzetu mmoja afukuzwe, kwa kuwa mikono yote ilikuwa juu. Kosa lake silijui mpaka leo. Mkono wangu haukutiwa hina, kwa hiyo hakuna aonaye doa lake. Lakini natawadha nao mara tano kwa siku. Mola atusamehe, na atujaalie tuurudishe mkono kabla haujafika bakulini.