Kiti cha Kinyozi

Wahenga walisema mganga hajigangi. Hawakumaanisha kwamba dawa zake ni bure. Walimaanisha kwamba hata bingwa, jambo likigusa nyumba yake, huhitaji mkono wa mwingine. Bahati mbaya, bingwa mwenyewe ndiye wa mwisho kulikubali hilo.

Muuguzi wa zahanati ya mtaa alikuwa bingwa wa aina hiyo. Gonjwa lilipoingia, uvumi ukiwa umelitangulia, ni yeye aliyewageuza watu mawazo wakakubali chanjo, na hakuwageuza kwa hotuba. Muuza mkaa alipodai kwamba chanjo inamaliza nguvu za kiume, alimsikiliza hadi mwisho, ndipo akamjibu. Kinyozi alibisha wiki mbili nzima. Aliposadiki, hakuna kichwa kilichoketi kwenye kiti chake kikaondoka bila kuambiwa habari za chanjo.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Baba yake, fundi viatu aliyefiwa na mkewe miaka mingi nyuma, hakutaka kuchanjwa. Naye muuguzi, aliyewavumilia watu baki, hakuwa na subira na wa damu yake. Kila jioni alianza kufoka kabla hajavuka kizingiti.

"Baba, kesho uje! Mtaa mzima umechanjwa, wewe unanitia aibu."

"Nimekusikia, mama," mzee alijibu, akiendelea kushona soli.

Siku moja kinyozi alimwambia, "Dada, niachie mzee. Jumamosi ananyolewa kwangu, nitaongea naye taratibu."

"Baba yangu namjua mimi. Wewe shika mkasi wako."

Kinyozi akanywea.

Mzee alianza kukohoa Jumanne. Siku ya tisa walimzika.

Baada ya mazishi, kinyozi aliketi karibu na muuguzi kwenye mkeka. "Dada, mzee aliwahi kuniuliza kama ile sindano iliniuma. Akaniambia mama yako alichomwa sindano hospitalini asubuhi, jioni akafa. Akasema, 'Binti yangu anajua. Ila hajawahi kuniuliza kama naogopa.'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia azungumze na wewe. Si ulinikataza?"

Muuguzi alilia kilio ambacho hakukilia hata kaburini. Ni kweli, alijua. Alijua pia kwamba mama yake aliuawa na maradhi, si sindano, na maneno hayo machache hakuwahi kumwambia baba yake. Kifo kile kilimuuma hata yeye, na kufoka kulikuwa rahisi kuliko kukitaja.

Alikuwa amebaki shangazi yake, dada wa marehemu, naye hajachanjwa. Kesho yake muuguzi alikwenda kwa kinyozi, akasimama kando ya kile kiti.

"Kaka, nakuomba ukamsikilize shangazi. Mimi nitafoka tu."

Kinyozi alivua aproni, akafunga duka.

Siku ya tatu shangazi alifika zahanati akiwa ameshikwa mkono na kinyozi. Muuguzi alimpa muuguzi mwenzake sindano, akatoka. Yule aliyechanja mtaa mzima alisubiri nje ya mlango kama jamaa wa mgonjwa yeyote, huku akiwaza kwamba baba yake angekuwa hai laiti yeye binti angekubali mapema kwamba mganga hajigangi.