Mpingo wa Bi Mwanakheri

Mpo? Basi sogeeni. Msitu ulipokwisha kukatwa wote, zimwi lililoishi humo lilimletea Bi Mwanakheri mbegu tatu za mpingo, za mwisho duniani. "Panda moja kila masika, hapa uani kwako. Zikifa zote, nakumeza!"

Bi Mwanakheri alifundwa usafi. Kila alfajiri alifagia majani ya mwembe wa jirani hadi ua ukabaki udongo mtupu. Mche wa kwanza ukakauka. Wa pili ukakauka. Wa tatu uliponyauka, akajiuliza, "Kwani msituni hufagia nani?" Akautupa ufagio, majani yakaufunika udongo.

Majirani wakamsuta: "Utafuga nyoka!" Hakuuokota ufagio. Mche ukachipua, miaka ikapita, ukawa mti.

Zimwi likarudi, meno nje. Likakuta kivuli, likaketi juu ya majani makavu, likafumba macho.

"Mama," likasema, "hapa pananukia kwetu."