Kimondo Kilichobomoa Nyumba

Tajiri Mwamengo alikusanya vimondo vya chuma, lakini si vya hivi hivi tu. Alitaka vyenye historia, vya kuwatia wageni wivu sebuleni kwake. Aliposikia kwamba mjane Bi Tusekile anacho kimoja, alifika na lori na vijana wa kubeba.

"Kilianguka kwenye ardhi ya marehemu baba yangu," alisema Mwamengo, "kwa hiyo ni changu tangu siku hiyo. Ila niambie, mama, kiliangukia nini? Kama ni majani tu, hakina maana."

Bi Tusekile akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Majani, mwanangu? Kilibomoa nyumba yangu. Tazama kuta zile."

Mwamengo akaziona kuta zilizolala chini, moyo ukamruka kwa furaha. Papo hapo akawaita mwenyekiti wa kijiji na majirani.

"Muwe mashahidi! Kimondo hiki ni changu, na ndicho kilichobomoa nyumba ya mama huyu!"

"Mwenyekiti, umesikia," alisema Bi Tusekile kwa upole. "Mali ya mtu ikibomoa nyumba ya mwenzake, nani anajenga?"

"Mwenye mali," alijibu mwenyekiti.

Mwamengo aling'aka, lakini angekanaje maneno yake mbele ya mashahidi aliowaita mwenyewe? Akajenga.

Siku ya kuhamia, jirani alishindwa kujizuia. "Shoga, kimondo si ulikiokota bondeni ukichuma mboga? Na nyumba si ililiwa na mchwa?"

"Ililiwa," alisema Bi Tusekile. "Ndiyo maana hii nimemwambia aijenge kwa matofali."