Tui la Rangi ya Vumbi

Akina mama wenzangu, na ninyi akina baba mliokaa kule nyuma, mimi si mwepesi wa kusema mbele ya watu. Lakini nimepewa hizi dakika chache kabla ya sala ya kufunga, na ninaomba tuingie jikoni pamoja.

Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyejua kupika wali wa nazi. Mtaniuliza, nani hapa hajui kupika wali wa nazi? Lakini wali wa huyu mama ulikuwa na sifa yake. Kukiwa na harusi, anaitwa yeye. Kukiwa na msiba, sufuria kubwa haibandikwi mpaka afike. Aliupata kwa mama yake, na mama yake aliupata kwa bibi. Wala hakukuwa na kiungo cha siri. Siri ilikuwa mkono. Alipokamua nazi hakupima kwa kikombe. Vidole vyake ndivyo vilivyomwambia kwamba tui zito limetosha, sasa ongeza maji ukamue tui jepesi. Wenzake walimtania, "Mwenzetu, huo wali utazikwa nao?" Naye alicheka, akawajibu kuwa ana binti, atamfundisha akipata akili.

Binti alikuwepo kweli, mtoto wa shule ya msingi, na alipenda jikoni kuliko mchezo wowote. Mama akipepeta mchele, mtoto yupo. Akipuliza moto, yupo. Kila mara aliambiwa atoke: ataungua, atamwaga, atamchelewesha mama. Siku moja mama alikwenda kuteka maji, mtoto akaona hapa ndipo pa kumfurahisha. Akakalia mbuzi ya kukunia, akakuna nazi nzima peke yake. Ila hakujua pa kuishia. Mnajua wenyewe, mtoto anayeanza hukuna mpaka kwenye kifuu, na lile ganda la kahawia linaingia lote. Akakamua kwa nguvu zake zote. Tui likatoka na rangi ya vumbi.

Mama aliporudi alilitazama lile bakuli. Hakumpiga. Alilibeba mpaka kwenye banda la kuku, akamwaga lote mtoto akiona, halafu akavunja nazi nyingine.

"Wewe kazi yako ni kula," akamwambia. "Kakae nje."

Mtoto akaenda kukaa nje. Na huko nje, ndugu zangu, kuna nyumba za watu.

Miaka ikapita, binti akawa msichana mkubwa. Yule mama akapatwa na kiharusi, upande wote wa kulia ukalala. Akawa mtu wa kitandani, na hamu ya chakula ikamtoka. Uji aliukataa. Ndizi alizikataa. Siku moja akasema anatamani wali wa nazi, wali wa kwao, lakini alisema kama anayemtaja marehemu, maana aliamini nyumbani mwake hakuna wa kuupika.

Binti akatoka kwenda jikoni. Baada ya muda akarudi na sahani. Wali mweupe, umechambuka, unanukia mpaka uani. Mama akaonja kijiko cha kwanza, akaonja cha pili, akaweka kijiko chini. Ulikuwa mtamu. Lakini haukuwa wali wa kwao.

"Nani alikufundisha?" akauliza.

Binti akamtajia mama wa nyumba ya pili. Akaeleza kuwa tangu siku ile alipofukuzwa jikoni alikuwa akienda kule, na kule wanapika huku wanapiga hadithi, hata watoto wadogo wanapewa mchele wa kuchambua.

"Na kule nako nilikuna mpaka kwenye kifuu, mama," akasema. "Tui likawa na rangi ileile. Yule mama akalipikia wali vivyo hivyo, akatuita wote tukala. Alinicheka sana, eti nimewalisha udongo. Halafu akaniambia nije tena kesho."

 Mama akamwambia alete nazi, amfundishe ule wa kwao. Binti akakuna, safari hii nazi nyeupe kama pamba, akaketi ukingoni mwa kitanda na bakuli mapajani. Akakamua, akauliza kama imetosha. Mama akasema bado. Akakamua tena, akauliza tena.  Jambo lile mama hakuwahi kulijua kwa maneno. Lilikuwa kwenye vidole.

"Lete nishike," akasema.

Lakini mkono wa kulia ulibaki palepale juu ya shuka. Akaingiza wa kushoto, akaminya ile nazi, akangoja umwambie kitu.

"Mkono huu haujui," akasema.

Na wali wa bibi ukaishia hapo.

Sasa niwaulize. Yule mama hakumpenda mwanawe? Alimpenda. Alimpikia kila siku chakula kizuri ambacho watu walikitafuta kwenye harusi. Basi mama wa nyumba ya pili alimzidi nini? Alimzidi kitu kimoja tu: alikubali kula wali mbaya.

Na sisi je? Sisi ambao tunawaambia watoto wetu wakae nje kwa sababu tunawahi, kwa sababu watachafua, kwa sababu leo kuna wageni? Halafu wakikua tunashangaa kwamba hawana la kuzungumza nasi. Wangelianzia wapi hilo la kuzungumza? Walipoleta mazungumzo ndani ya bakuli, sisi tuliita kuku.

Tukumbuke na sala zetu. Tunazileta kwa Mungu zikiwa zimechanganyika na maganda: hofu, manung'uniko, haraka. Ni lini alizimwaga mbele ya macho yetu? Anazipokea hivyohivyo, na anatuambia tuje tena kesho.

Basi leo tukifika nyumbani, tumpishe mtoto akalie mbuzi. Atakuna mpaka kwenye kifuu. Tumwache. Tupike kwa tui hilohilo, tukae chini wote, tule na tucheke, na mikono yetu ingali inajua.